Barua Zenye Picha ya Kitanda

Ilianza Jumapili, tarehe kumi mwezi wa nne, mwaka wa 1988, saa sita kasorobo mchana. Saa naijua kwa sababu katibu wa kanisa hakuwahi kufungua mfuko wa barua kabla ya kutazama saa yake, na mimi nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari langu nikifika nyumbani. Nilikuwa kidato cha pili, shule imefungwa, niko kwa Susu karibu na Kasikeu. Sasa niko kidato cha nne na daftari hilo liko hapa mbele yangu. Mwandiko wa siku hiyo umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa, na likizo zote nilikaa kwa Susu, sisi wawili tu, na mbuzi wanne.

Watu wa kwetu hawakuwa na sanduku la posta la mtu binafsi. Kanisa lilikuwa na moja, kule mjini kwenye barabara ya Mombasa, na katibu alilifungua kila Alhamisi. Jumapili, matangazo yakiisha, alisimama mbele akasoma majina. Ukisikia lako unainua mkono. Lakini huendi mbele kuichukua, maana mabenchi yalikuwa yamebanana na ingekuwa vurugu. Barua ilipewa mtu wa benchi la kwanza, naye akampa wa nyuma yake, mkono kwa mkono mpaka ikufikie. Na kila aliyeishika aliitazama. Wa kwanza aliangalia stempu, wa pili aliangalia imetoka wapi, wa tatu aliigeuza aone mgongoni pameandikwa nini. Ikifika nyuma, kanisa zima lilishajua kijana wako amehamia mtaa gani. Hakuna aliyeona ubaya. Zilikuwa habari za watu wetu.

Siku hiyo katibu alisoma jina langu. Yaani alisoma jina la Susu. Ni jina moja. Mimi ndiye msichana wa kwanza wa baba, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake, lote, la kwanza na la pili, na baba mwenyewe huniita mwaitu, mama yangu, vile kwetu huitwa mwanamke yeyote kwa heshima, hata akinigombeza. Susu aliinua mkono haraka, akidhani ni barua ya baba. Mimi nilikuwa nimekaa na wasichana upande wa dirisha, na mkono wangu ulipanda mpaka kifuani ukasimama hapo.

Niliona bahasha ikianza safari. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya maziwa, na juu yake kulikuwa na picha ya kitanda. Chini ya kitanda, kwa maandishi mekundu ambayo hata mimi niliyasoma kutoka dirishani: JE, UNAKOJOA KITANDANI? SULUHISHO LIKO NDANI. Na kwa maandishi madogo: Siri yako ni salama kwetu.

Benchi la kwanza walikohoa. La pili mzee mmoja aliishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kuishika barua. La nne, akina mama, waliinamiana vichwa. Nilitamani sakafu ipasuke. Maana hiyo barua niliijua. Haikuwa ya Susu. Ilikuwa ya kwangu.

Wacha niseme wazi, kwa sababu bila hivyo haya mengine hayaeleweki. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na bado nilikuwa nikikojoa kitandani. Si kila siku, lakini mara nyingi. Bwenini nilichagua kitanda cha chini karibu na mlango, na baada ya saa kumi jioni sikunywa kitu, hata uji. Hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyoamini, na kazi ya kuhakikisha hakuna anayejua ilikuwa kubwa kuliko masomo. Ndiyo maana sikuwa na rafiki. Rafiki huja kukaa kitandani kwako.

Mwezi wa pili, msichana mmoja bwenini alileta gazeti la zamani lenye ukurasa wa kukata. Jaza, tuma, ushinde saa ya mkono. Nilingoja watu waende michezo nikaukata. Waliuliza jina, umri, kanisa, kazi, rangi unayoipenda. Halafu kulikuwa na orodha: mambo yanayokusumbua, weka alama. Kukosa usingizi. Nywele kukatika. Kukosa mchumba. Na katikati ya orodha, kama kitu cha kawaida tu, kukojoa kitandani. Chini waliandika kwamba majibu yote yatabaki siri kati yako na wao.

Niliweka alama. Sasa nikifikiria, saa ya mkono wala sikuitaka sana. Ni vile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Karatasi ndiyo ya kwanza kuniuliza, na niliijibu kwa ukweli kama mtu aliye mbele ya daktari.

Kulikuwa na mambo mawili tu ya kutatua. La kwanza, shindano lilikuwa la watu wazima. Kwa hivyo nikaandika umri wa Susu, sitini na nane. Sikuona kama nimedanganya, jina ni letu sote. La pili, shuleni mwalimu wa zamu alifungua barua zote za wasichana kabla ya kutupa. Kwa hivyo nikaandika sanduku la kanisa, kwa sababu kanisani hakuna anayefungua barua ya mtu. Hiyo ndiyo akili niliyotumia. Nilikimbia anayefungua nikasahau wanaopitisha.

Basi barua ilimfikia Susu. Yeye hajui kusoma. Aliigeuza, akaitia kwenye kyondo, kikapu chake cha kusuka, pamoja na Biblia ya picha, akaimba wimbo wa mwisho kwa sauti kubwa kama kawaida.

Njiani akanipa. "Nisomee, mwaitu. Si ya baba yako, hii ni nzito."

Niliifungua. Iliniita Bibi Mpendwa na ilitaka ninunue vidonge. "Ni watu wa mbegu," nikasema.

"Mbegu za nini?"

"Za mahindi."

"Mbona wamechora kitanda?"

Nilitazama kitanda. "Ni cha kuanikia mbegu, Susu. Hawaanikii chini siku hizi."

"Na shuka?"

"Ni ya kuzuia vumbi."

"Haya," akasema. "Watu wa Nairobi wana mambo." Hakuuliza tena. Nilirudi nyumbani nimeloa jasho, nikaichoma barua jikoni, nikaandika kwenye daftari: Imeisha. Daftari hilo nililiacha wazi juu ya meza, kwa sababu kwa Susu ndipo mahali pekee duniani palipokuwa salama kuliacha wazi.

Haikuisha. Jumapili iliyofuata jina letu lilisomwa mara mbili. Na hizi hazikutoka kwa kampuni ya lile shindano. Moja ilikuwa ya watu wa Mombasa ambao sijawahi kuwaandikia hata salamu, wakiuza mpira wa kutandika chini ya shuka, na mpira wenyewe umechorwa juu ya bahasha, umekunjwa vizuri. Nyingine ilikuwa ya mtu wa mitishamba, na hiyo haikuwa hata na bahasha, ilikuwa kadi tupu: Bibi wa miaka 68, acha kuloa! Nilikaa hapo nikijiuliza wamejuaje. Nilimwambia mtu mmoja. Huyo mmoja aliahidi. Na sasa watu wawili niliokuwa siwajui walikuwa wananijua kwa kile kitu kimoja ambacho hata baba hakijui.

Safari hii watu hawakukohoa. Walicheka, na kadi ilichukua muda mrefu kufika.

Nje, akina mama walikuwa wamesimama karibu na tangi la maji wakipanga safari ya Mbooni. Kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa yote mwezi wa nane, siku tatu, na watalala wote kwenye bweni la shule, wawili wawili kwa kitanda. Susu alikuwa ameingojea safari hiyo tangu mwaka mpya. Dada yake aliolewa Mbooni na hawakuwa wameonana miaka mingi.

Mama mmoja mwenye duka la unga, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, akasema, "Mwaitu, sasa Mbooni utakuja na mpira wako ama tukuchangie?"

Wakaangua kicheko. Susu naye akacheka, maana hakujua wanacheka nini. "Mpira gani?"

"Si huu umetumiwa! Soma mwenyewe."

"Kama ningejua kusoma, si mimi ningekuwa nakuuzia unga wewe?"

"Basi muulize mjukuu wako akuambie. Wameandika unamwagilia kitanda kama bustani. Sasa wenzako wanauliza, nani atalala na wewe? Mimi nina baridi yabisi, siwezi kuogelea."

Nilikuwa hatua kumi hivi kutoka hapo, nimejificha nyuma ya msichana mrefu. Nilimwona Susu akiitazama ile kadi, polepole, halafu akainua kichwa akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama vile mtu hutazama mbuzi wake kuona kama wote wapo. Nilijua akisema neno moja tu, "Mimi? Labda huyu," nimekwisha. Habari ingefika shuleni kabla yangu. Wasichana watatu wa kanisa letu walisoma na mimi.

"Kumbe ndiyo hiyo," Susu akasema. "Nitakuja nao. Na wewe ukija karibu nitakutandikia, maana uzee hauko mbali na duka lako."

Walicheka tena, lakini sasa wakimcheka mwenye duka. Susu alikunja barua zake akaondoka. Mimi nilienda chooni nikakaa huko mpaka kanisa likawa kimya.

Nilimkuta shambani akipalilia maharagwe na nguo za kanisani bado mwilini, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Nilisimama mwisho wa mstari. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea.

"Zile barua ni zangu," nikasema.

"Najua."

"Mimi ndiye niliandika. Niliweka umri wako."

"Hiyo sikujua." Akang'oa kwekwe, akaipiga kwenye goti itoke udongo. "Lakini hayo mengine najua tangu ukiwa hivi. Godoro lako ninalibadilisha nyasi kila siku ngapi?"

"Kila siku tatu. Kwa sababu ya kunguni."

"Umewahi kuona kunguni kwangu?"

Nilifikiri. Miaka yote hiyo alitoa nyasi za zamani kwenye lile gunia langu, akaenda kuzimwaga mbali, akajaza mpya, akilalamika juu ya kunguni kwa sauti ili majirani wasikie. Sikuwahi kumwona kunguni hata mmoja.

Nililia hapo kwenye maharagwe. Susu aliniacha nilie mpaka mstari ukaisha, halafu akasema niache kukanyaga mimea.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimwambia mpango wangu. Nitawaandikia wote barua moja fupi: mwenye jina hili amefariki. Watu waliokufa hawatumiwi matangazo.

Susu aliweka kikombe chini. "Andika hivyo, na mkono wako ukauke. Nikifa mimi, jina liko kwako. Sasa ukiua jina, nani amebaki? Utaniua mimi, ujiue wewe, kwa stempu moja?"

"Ni ya kuwadanganya tu, Susu."

"Danganya kwa kitu kingine."

Siku ya Alhamisi alinichukua tukaenda kwa katibu. Katibu alikuwa mzee mtaratibu aliyestaafu ukarani Nairobi, na alitupokea kwenye veranda yake kama watu wa ofisi, akavaa miwani. Susu alimwambia kuna barua zinakuja asizozitaka, na anataka kujua wamepata wapi jina lake. Hakunitaja. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Mama, kuna karatasi ulijaza?" katibu akauliza.

"Nilijaziwa."

"Ndiyo hapo. Mimi nimefanya kazi hiyo. Tulikuwa tunaletewa karatasi za mashindano magunia kwa magunia. Tunapiga chapa majina, wenye nywele za kukatika huku, wenye kukosa mchumba huku. Halafu orodha inauzwa. Anayenunua anamuuzia mwingine. Kama mbegu, mama. Ukishapanda kwa jirani huwezi kuzifuata."

"Na ile saa ya kushinda?" nikauliza. Ilinitoka tu. Ndiyo mara ya kwanza nilisema kitu kwenye veranda hiyo.

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani hapo ndipo alipojua. Uso wake haukubadilika. "Kwa miaka niliyokuwa pale, mjukuu wangu, sikuwahi kuona saa."

"Sasa zitakuja mpaka lini?" Susu akauliza.

"Mpaka wachoke. Mwaka, miaka miwili. Kuzizuia siwezi. Nikizitupa nitakuwa nimetupa barua ya mtu, na hilo siwezi kulifanya."

Susu akamjibu, "Na zije. Kinachoniuma si kuja kwazo. Ni hii safari yazo kutoka kwako mpaka kwangu."

"Mama, tumepitisha hivyo tangu wamisionari."

"Wamisionari walikuwa na barua za wamisionari."

Katibu alivua miwani. Alisema kama anataka jambo hilo libadilike, alilete kwenye matangazo, mbele ya watu wote, kwa sababu yeye ni katibu tu. Na sijui kama mtu ambaye si mwoga anaweza kuelewa nilivyohisi. Susu asimame mbele ya kanisa zima aseme juu ya barua hizo. Usiku ule, na wa Ijumaa, na wa Jumamosi, godoro liliharibika siku zote tatu, na mvua ilinyesha kila siku, hakuna jua la kuanika kitu.

Jumapili ya tarehe ishirini na nne Susu alisimama. Hakwenda mbele. Alisimama hapo hapo kwenye benchi lake, akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Bwana asifiwe. Nina neno dogo. Mmeona barua zangu, zile za kitanda. Kila mtu ameziona, hata mbwa wa mchungaji." Watu wakacheka. Aliwangoja. "Zimeandikwa jina langu na mimi ndiye nitakayezipokea, na zitaendelea kuja, katibu ameniambia. Sasa nauliza. Kuna mtu hapa angependa mswaki wake upitishwe benchi kwa benchi mpaka umfikie?"

Kanisa likapiga kelele, wengine "Aka!", watoto wakacheka sana.

"Basi barua yangu ni kama mswaki wangu. Sitaki ipite mikono kumi. Katibu asome jina, mimi nije kwake tukitoka, anipe mkononi, ameigeuza chini. Na si yangu tu. Ni ya kila mtu. Ni hayo."

Akakaa. Nilitegemea mama mwenye duka la unga aseme kitu. Na kweli alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mimi naunga mkono," akasema, haraka haraka, bila mzaha wowote, akakaa kabla watu hawajageuka kumtazama.

Halafu mzee mmoja akasema Amina. Halafu mwalimu wa shule ya msingi, "Amina, na ianze leo." Halafu upande wote wa vijana. Amina zilitoka mahali ambapo sikutarajia, kutoka kwa watu ambao barua zao nilidhani zote ni za salamu na ada ya shule. Nilitazama nyuso zao. Walikuwa na sura ya watu walioshusha mtungi. Sijui mama wa duka alikuwa akiletewa nini, na sasa sitajua kamwe, na kwa kweli nilifurahi kwamba sitajua.

Katibu aliandika kwenye kitabu cha kanisa. Tukitoka, alisimama kwenye mlango mdogo wa nyuma akawaita watu mmoja mmoja. Siku hiyo Susu alipokea barua mbili. Alizitia kwenye kyondo bila kuzitazama. Mama mwenye duka akapita akamgonga kwa kiwiko.

"Mwaitu, Mbooni nitalala na wewe. Lakini wewe ndiye utakuwa upande wa ukutani."

"Na wewe usikorome."

Hayo tu. Tulirudi nyumbani chini ya mvua na mimi nilitembea mbele, na ilikuwa kama miguu si yangu, ilikuwa myepesi hivyo. Hakuna kilichokuwa kimepona. Godoro lilikuwa bado lina harufu. Lakini kitu changu kilikuwa kimerudi kwangu, na watu waliokijua walikuwa wawili, labda watatu na katibu, na wote niliweza kuwatazama usoni. Susu akaniambia tukivuka kijito, "Wale wa karatasi wamekuuliza wakauza. Sasa tafuta mtu wa kukuuliza akunyamazie."

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, nilienda zahanati ya Kasikeu peke yangu. Kulikuwa na foleni mpaka nje. Nesi alikuwa amekaa kwenye meza mlangoni na kitabu kikubwa, na kila aliyefika alimuuliza kwa sauti ya kusikika sokoni: jina, umri, unaumwa nini. Mwenye kuhara alisema kuhara. Mwenye vidonda alisema vidonda. Nikafika mimi, nikasema jina, nikasema miaka kumi na mitano.

"Unaumwa nini?"

"Nitamwambia daktari," nikasema.

"Lazima niandike hapa."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nyuma yangu kulikuwa na watu wapatao ishirini, na wawili nilikuwa nawajua. "Andika kwamba nitamwambia daktari mwenyewe, ndani."

Alinitazama, akatazama foleni, akachora mstari mahali pa ugonjwa, akanipa namba. Nilisema asante. Nikaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wengine, nikangoja zamu yangu.